Kisiwa cha Oktoba

Studioni kwangu, Mashine Tatu, nina pazia la buluu la pasipoti
na jingine lenye maporomoko ya maji ya kuchora,
rangi imebanduka pale povu linapoangukia.
Miaka kumi na sita nasema yaleyale:
inua kidevu, funga mdomo, usipepese.
Watu hunitii. Nimezoea kutiiwa.

Leo nimelala kifudifudi katikati ya Ruaha,
juu ya kisiwa, anasema Kihwele,
askari niliyepewa pamoja na bunduki yake.
"Mwezi wa nne hapa hufiki, labda mamba akubebe."
Nimefika kwa miguu. Soksi kavu, viatu vimejaa mchanga.
Maji yameondoka, kisiwa kimebaki na cheo,
kama mwenyekiti aliyeshindwa uchaguzi
na bado tunamwita mwenyekiti.

Mikoche mitatu.
Mgunga mmoja ulioangushwa na mafuriko ya zamani
ukaendelea kuota hivyohivyo, umelala.
Nyasi zina rangi ya mkeka wa mwaka juzi.
Lenzi ni ya kuazima, ya binamu yangu Nyaulingo wa Mafinga,
mpiga picha za harusi. Kabla sijaitoa mlangoni
alinihesabia mikwaruzo yake yote.

Mdiria ametua juu ya fuvu la kambale.
Nasema kimoyomoyo: inua kidevu.
Ananigeuzia mgongo.
Tandala dume anapita, pembe zimejisokota mara mbili na nusu,
anasimama palepale jua linapoingia kiooni;
picha inatoka nyeupe kama sahani.
Viboko wamebanana dimbwini,
migongo ishirini, labda ishirini na mmoja ni jiwe,
na uvundo ambao kamera haina pa kuuweka.

Saa saba. Mchanga wenyewe unatetemeka kwa joto.
Nafungua hotipoti.
Wali wa Mbarali. Unanukia hata huku.
Mama Chengula wa sokoni huapa hakuna wa kuushinda,
na hasemi uongo.
Kihwele anautazama wali,
anautazama mto, yaani pale ulipokuwa,
kisha upande wa juu unakotoka,
ambako mifereji inaugawa jaruba kwa jaruba.
Hasemi kitu. Anapokea sahani kwa mikono miwili.
Tunakula mto.
Umeiva vizuri.
Nakwangua hadi ukoko.

Halafu tembo jike, na ndama wake nyuma.
Anachimba kwa mguu, anachota mchanga kwa mkonga,
bila pupa, kama mtu anayetafuta ufunguo mkobani
akijua umo.
Ndama anaingiza mkonga kabla ya zamu, anapigwa kikumbo,
anarudi, anapigwa tena.
Mimi nabonyeza, nabonyeza, sijui ngapi.
Chini kabisa yanachungulia maji,
rangi ya chai ya maziwa, kiasi cha kikombe.
Kumbe hauondoki wote.
Mwingine unapita chini yetu, unanyata,
kama mwenye deni anayekwepa duka.
Kihwele ananigusa bega.
Tunaondoka kinyumenyume.

Nimeyashusha maporomoko.
Nimetundika kisiwa, upana mita tatu:
mchanga, mikoche, shimo dogo pembeni kushoto.
Wateja wananung'unika. "Dada, hapa pakavu mno."
Bwana harusi wa Ipogolo alidai arudishiwe maji yake,
akaongeza elfu tano. Nilimrudishia.
Kodi ya chumba haingoji mvua.

Jana alikuja msichana wa kidato cha nne, picha ya cheti.
Nikamwambia pasipoti ni pale, kwenye buluu.
Alikuwa ameshasimama mbele ya kisiwa,
ameipa kamera kisogo.
Geuka, nikasema. Inua kidevu.
Hakuinua.
Aliinama, akaliangalia lile shimo
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa humo.
Nikapiga hivyohivyo.